Wazamiaji waliokuja na jiwe

Saa nane usiku nilikuwa nimepiga magoti kwenye kapeti mbele ya tangi langu la samaki na matumbawe ya baharini, taa zote nimezima, tochi nimeifunga karatasi nyekundu ya pipi kwa mbele maana wanyama wengi wa baharini mwanga mwekundu hauwasumbui kama mweupe. Nimekaa kimya kama dakika ishirini hivi. Afu kwenye tundu moja chini ya jiwe kubwa ukatoka mguu, una manyoya, ukafuatiwa na kucha jeusi kwenye ncha, likanyofoa kipande cha tumbawe langu la kijani likarudi ndani. Wiki tatu nzima nilikuwa nalaumu taa na maji, kumbe kuna mtu anakula.

Mimi nimekulia Tanga. Wale wa pwani mnajua usiku wa bamvu maji yakipwa, watu wanashuka miambani na tochi, na lile jiwe ulilolipita mchana ukaliona tupu usiku limekuwa soko, kila tundu lina mwenyewe. Sasa nipo Bristol, Uingereza, na tangi la lita 240 sebuleni, na jiwe hai (jiwe la baharini lenye viumbe ndani yake) nililonunua kwa jamaa aliyekuwa anafunga tangi lake ni mwamba uleule tu, umekuja na wenyeji wake. Mi nawaita wazamiaji, kama wale vijana wanaozamia meli bandarini, kapteni anakuja kuwajua meli ishafika katikati ya bahari.

Ninachotaka kuwaambia wenzangu mnaoanza ni hiki, usiue kabla hujajua ni nani. Wengi wa wazamiaji hawana shida yoyote na wengine wanakufanyia usafi bure. Wale minyoo wenye vinywele pembeni, wa rangi ya waridi au kahawia, watu wakiwaona wanapiga kelele wanataka kubomoa tangi lote, lakini wale wanakula mabaki ya chakula na samaki waliokufa, wakizidi sana ujue wewe ndo unalisha kupita kiasi, punguza chakula na wao watapungua. Usiwashike kwa mkono mtupu tu, vile vinywele vinaingia kwenye ngozi kama nyuzi za kioo, vikikuingia bandika selotepu uvute.

Mnyoo wa kuogopa ni mwingine, mrefu, anang'aa rangi kama mafuta yaliyomwagika juu ya maji, kichwani ana vipapasio vitano. Huko Newquay, Cornwall, mwaka 2009, akwariamu ya Blue Reef walikuwa wanakuta matumbawe yamekatwa na samaki wamejeruhiwa, wakatega mitego mpaka wakachoka, mwisho wakabomoa tangi la maonyesho jiwe moja moja wakamkuta mnyoo wa zaidi ya mita moja, wakampa jina la Barry. Alikuwa amekua humohumo ndani. Ukimwona wa hivyo usimvute akakatika, toa jiwe lote.

Sasa tuje kwa aiptasia, huyu ndo aliyenitoa machozi. Ni anemoni, mnyama wa bahari anayekaa kama ua, mdogo wa rangi ya kahawia anaonekana kama kimnazi cha kioo, na wa kwanza alikuwa mzuri hata nikampiga picha. Nikaja kusoma kwamba anachoma matumbawe na anazaana haraka, nikachukua kisu nikamkwangua. Kosa kubwa. Kila kipande cha nyama yake kinachobaki kinaweza kuota anemoni mwingine, na hata bila kukwanguliwa akitembea anaacha vipande vya mguu nyuma vinakuwa watoto. Ndani ya mwezi nilihesabu 40 nikaacha kuhesabu.

Kilichonisaidia ni chokaa. Ndiyo, chokaa, jamii ileile ya chokaa ya tambuu ya bibi, ila nunua ile safi inayouzwa kwa ajili ya matangi. Unakoroga na maji kidogo yaliyochujwa mpaka iwe kama uji mzito, unavuta kwa bomba la sindano, unazima pampu zote, afu unamwendea polepole sana maana ukimgusa anajikunja anaingia tunduni na hapo umemkosa, unamdondoshea juu ya mdomo taratibu mpaka amefunikwa, unasubiri robo saa ndo unawasha pampu. Vaa glavu na miwani, chokaa inaunguza. Na usiwafanye wote siku moja, pH ya maji, yaani kile kipimo cha asidi na alkali, inapanda vibaya, mi nilikuwa nafanya watano kwa siku.

Wa kwenye matundu nisiyoyafikia niliamua kuwaletea kamba wa pepaminti wanaowala. Duka nililonunua wakanipa kamba watatu wekundu, na baada ya siku nne wakawa wanatafuna zoanthi zangu, wale wanyama wadogo kama maua jamaa wa matumbawe, aiptasia hata hawamwangalii. Walikuwa kamba ngamia. Nawaombeni muangalie kabla hamjalipa, ngamia ana kibyongo na mistari na madoa meupe katikati ya wekundu, pepaminti mwili wake ni kama kioo una mistari myekundu tu, meupe hana. Baadaye nikanunua berghia, konokono bahari mdogo asiye na gamba, chakula chake ni aiptasia peke yake, wanatoka usiku. Walichukua karibu miezi mitatu ila walimaliza. Kwa vile hawali kingine wakishamaliza wanakufa njaa, kwa hiyo nikawakamata waliobaki nikampa mtu mwenye shida kama yangu. Usiwaweke na samaki wanaopenda kudonoa vitu kwenye mawe, wataliwa wao.

Halafu kulikuwa na mlio. Tak. Kimya. Tak tak. Nikajua nimepata yule kamba mpiga ngumi, ambaye kweli anavunja konokono na kuua samaki. Nikarekodi nikamtumia mjomba wangu kwa WhatsApp, amevua miaka mingi. Nikamwamkia shikamoo mjomba, akajibu, "Marahaba mwanangu, mbona huo ndo mlio wa mwamba? Ukizama kule chini unasikia kama mafuta yanakaanga, wale ni kamba wadogo wenye kucha moja kubwa." Nikakesha usiku mbili mpaka nikamwona, na kweli, kucha moja kubwa jingine dogo, basi. Huyo hana neno na mtu, nimemwacha. Mpiga ngumi mikono yake imekunjwa kama ya vunjajungu na macho yako juu ya vijiti, yanazunguka kila moja kivyake.

Konokono wa mirija wanaorusha utando wa ute juu ya matumbawe, ziba mdomo wa mrija kwa supagluu nzito, imeisha.

Ila kuna jambo moja naomba mlisikie vizuri. Kuna ushauri unazunguka wa kuchemsha jiwe ili kila kitu kife. USICHEMSHE. Baadhi ya zoanthi na jamaa zao palithoa wana sumu inaitwa palitoksini, kali mno, na mvuke unaweza kukulaza hospitali wewe na watoto wote ndani ya nyumba. Mwaka 2018 huko Steventon, Oxfordshire, familia nzima ilipelekwa hospitali baada ya kusafisha tumbawe la tangi lao, hata watu wa uokoaji waliofika pale walipelekwa. Usilisugue kwa brashi kavu pia, wala usimwage dawa tangi zima. Kumwaga dawa tangi zima ni kuvua kwa utupa, unapata yule mmoja uliyemtaka na wengine wote wanaelea tumbo juu.

Yule mwenye mguu wa manyoya aliyekuwa anakula tumbawe alikuwa kaa, nilimtega kwa glasi. Nikaiegemeza kwenye jiwe lake imeinama, ndani kipande cha uduvi, kaa anapanda kwa nje kwenye jiwe anadondokea ndani, akitaka kutoka kioo kinateleza. Usiku wa kwanza hamna kitu, wa pili nikakuta minyoo, wa tatu asubuhi nakwenda kuwasha taa huyu hapa, manyoya mwili mzima, ukubwa wa kitufe cha koti, makucha meusi kayanyanyua ananitishia. Kumuua sikuweza, na kumwachia kwenye maji ya huku ni kosa kisheria kwa mnyama wa kigeni. Nimemweka kwenye tangi dogo la chini lenye pampu, ana jiwe lake na nampa mabaki jioni. Tumbawe la kijani limeanza kufunga kidonda, juzi nimeona midomo miwili mipya pembeni.