Nilivyopandisha mabomba ya AC mpaka juu ya paa na gesi haikuvuja

Wakuu, hii kazi ilikuwa ofisi moja Kariakoo ghorofa ya tatu, AC tatu mpya za BTU 18000 (kipimo cha nguvu ya kupoza) zinazotumia gesi ya R32, na mwenye jengo hataki kabisa kuona autodoo (zile mashine za nje) zimening'inia upande wa barabarani, kwa hiyo zote zinapanda juu ya paa. Sasa ukisikia hivyo jua mabomba ni marefu, mbili zilikuwa kama mita 14 kila moja na ya tatu ikafika 19, sio ile kazi ya mita tatu unatoboa ukuta unamaliza kabla ya chai.

Kitu cha kwanza nilichokomaa nacho ni bomba lenyewe. Pale mjini kuna kopa ya kila aina na ile ya bei chee ni nyembamba, ukiubana mdomo kwa vidole unabonyea, na R32 presha yake ni kubwa kuliko ile gesi ya zamani ya R22 tuliyoizoea, jua la Dar likipiga autodoo juu ya bati inaenda hadi bar 25 (bar ni kipimo cha presha) na zaidi upande wa presha kubwa. Nikamwambia bosi mi natumia ya unene wa milimita 0.8, robo inchi na nusu inchi, akanuna kidogo akalipa. Kopa inauzwa roli la mita 15, kwa hiyo zile mbili za mita 14 zilienda bila kiungo hata kimoja toka indoo (mashine ya ndani) mpaka juu. Hii kwangu ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, maana chumba kimoja pale ni kile cha kompyuta za mtandao, hakina dirisha, na R32 ni nzito kuliko hewa halafu inashika moto japo sio kirahisi kama ya jikoni, ikivuja inatulia chini inakaa. Kiungo kilichofichwa juu ya silingi bodi ya chumba kama hicho mi siweki, labda unilazimishe. Ile ya mita 19 kiungo chake nilikiweka paani, upepo unapita.

Kukiunga hicho kiungo ndipo tulipovutana na jamaa niliyemwita anisaidie. Ye anachomelea hivihivi bomba likiwa na hewa ndani, anasema miaka yote anafanya hivyo. Kwa nje linaweza kuonekana zuri ila ukilipasua ndani unakuta magamba meusi, na hayo magamba yanaenda kuziba vile vitundu vidogo vya gesi, mteja anakuja kusema AC haipoi na fundi wa pili anaongeza gesi tu. Nikapitisha naitrojeni taratibu ili hewa isibaki ndani ya bomba, ile ya kuisikia kwa shida ukiweka shavu upande wa pili, muda wote wa moto na mpaka likapoa. Na kabla ya kuwasha moto hakikisha hamna gesi ya AC karibu kabisa, zile gesi zikikutana na moto zinatoa sumu inayokaba koo, usisubiri kuisikia harufu.

Flea, yaani mdomo wa bomba unaopanuliwa kama tarumbeta ili nati iubane, nayo ina mambo yake. Nakata kidogokidogo, nakwangua kingo mdomo wa bomba ukiangalia chini ili vumbi la kopa lisiingie ndani, naingiza nati (kuna mafundi wazoefu kabisa wanasahau nati wanaanza upya, msicheke), halafu napaka tone la oili ya kompresa kwenye uso wa flea tu. Nati inaanza kwa mkono mpaka igome, ndo spana mbili, moja inashikilia. Nina spana toku, ile inayopima nguvu ya kukaza, ya robo inchi naipa Nm 18, ya nusu inchi Nm 55. Nguvu za kifua ndo zinapasua flea.

Sa tukaja kwenye kupima kama mabomba yanavuja. Yule jamaa akapanda na mtungi wa oksijeni, eti naitrojeni ni ya kukodi na hii anayo tayari, presha ni presha. Kaka, nikamwambia shusha huo mtungi sasa hivi kabla hatujaongea lolote. Oksijeni tupu ikikutana na oili kwenye presha kubwa inalipuka, hamna haja ya kiberiti, na mule kuna oili. Hata hewa ya kompresa ya matairi siitaki, inaingiza maji. Akashuka nao ananung'unika.

Naitrojeni naingiza kupitia regyuleta, maana mtungi ukiwa umejaa una bar 150 au zaidi, ukiunganisha moja kwa moja unatafuta kifo. Vali za autodoo zimefungwa. Nikapeleka bar 5 nikasubiri, nikapeleka 15 nikasubiri, mwisho 40, nikapaka povu la sabuni kila nati. Tukaacha usiku kucha. Tulijaza saa kumi jioni joto lipo 33, asubuhi saa moja geji inasoma karibu bar 39 na bosi kasimama pembeni yangu, "fundi, si umesema haivuji?" Nikamwonyesha kipimajoto, 25. Kwenye presha hiyo kila digrii moja ikishuka inaondoka kama bar 0.13, digrii 8 ni bar moja hivi. Nikamwambia tusubiri jua, saa tisa geji ikarudi palepale kwenye 40. Akaniangalia tu akaenda zake kula.

Vakyumu, yaani kunyonya hewa na unyevu vyote vitoke kwenye mabomba, nilitumia pampu yenyewe, sio ile kompresa ya friji iliyofungwa waya ambayo naiona kila mtaa. Nikavuta mpaka chini ya maikroni 500 (kipimo cha hewa iliyobaki, ikiwa ndogo ndo vizuri), nikafunga, nikaangalia kama namba inapanda. Dar hewa ina unyevu mwingi na oili ya hizi gesi mpya inanyonya maji vibaya mno, vakyumu inayafanya maji yachemke kwenye joto la kawaida yatoke kama mvuke. Kumwaga gesi kidogo ili "isukume hewa" hakutoi maji, na kwa R32 unamwaga kitu kinachoshika moto.

Gesi ya kiwandani kwenye hizo mashine inatosha mita 5, kila mita ya ziada kitabu kinataka gramu 12, kwa hiyo gramu 108 kwa kila moja ya zile mbili na 168 kwa ile ndefu, kwa mizani, nikaandika kwa makapeni ndani ya kifuniko cha kila autodoo. Zinapoa vizuri.

Iliyobaki ni AC ya mapokezi, ya zamani ya R22. Bosi anataka nifunge mpya ya R32 kwenye mabomba yaleyale yaliyo ukutani maana hataki plasta iguswe. Yale mabomba ni membamba na yana oili ya zamani ndani, nimekataa, ye anasema atatafuta fundi mwingine, na mpaka sasa hajampata wala hajanipigia.