Kumbe sio macho, ni waya

Miezi kama minne hivi nilikuwa najua macho yangu ndo yanaondoka. Kazi zangu ni zilezile za steshenari, kadi za michango, CV za watu, barua za kuomba kazi, kutwa nzima niko mbele ya PC, ikifika saa kumi jioni kichwa kinagonga balaa. Nikaanza kuweka hela ya miwani. Monita nilichukua Kariakoo, used, inchi 22, full HD, kioo safi hakina hata mkwaruzo, sa nani angeihisi?

Aliyeniamsha ni mama mmoja wa hapa Tabata anamwozesha binti yake. Maelezo ya kadi aliyaandika kwa mkono akanirushia picha WhatsApp, nikaifungua kwenye PC, nikachapa, nikaprinti kadi 100. Kesho yake kaja, shikamoo mama, marahaba mwanangu, kashika kadi kaisogeza mbali kidogo, "Mwanangu, hii namba ya kutumia mchango sio yangu, hapa ni sita, we umeniwekea nane." Nikaangalia picha kwenye simu, sita kabisa. Nikarudi kwenye monita, naona nane. Yaani ile sita ina kivuli chake upande wa kulia, ka kijivu hivi, kameziba pale juu penye uwazi. Nikasogea nikaangalia maandishi mengine, yote yana kivuli, na mimi nimekizoea hadi sikioni tena.

Usiku huo ndo nikaanza kuhangaika na waya unaopeleka picha kutoka PC kwenda monita. Nilikuwa natumia VGA, ile ya bluu yenye pini 15 na viskrubu viwili, kampuni ya IBM waliileta 1987, enzi za monita za kichogo, na kwa kichogo ilikuwa sawa kabisa kwa sababu ile mionzi ndani inafuata umeme moja kwa moja, volti ikipanda rangi inang'aa, ikishuka inafifia. Ndani ya waya kuna njia tatu, nyekundu, kijani na bluu, kila moja inabeba umeme kati ya sifuri na volti 0.7, basi. Sasa monita bapa haifanyi hivyo, ina vidoti vyake vimepangwa havihami. Kwa hiyo PC inachukua namba inazigeuza kuwa umeme, umeme unapita kwenye waya, monita inaupokea inaugeuza tena kuwa namba, na hapo inabidi ikisie kidoti kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi. Kwenye full HD ya mizunguko 60 kwa sekunde kila kidoti kinapewa muda usiofika nanosekunde 7, yaani saba ya bilioni ya sekunde, hebu fikiria, halafu waya wangu wenyewe ni mwembamba kama wa chaja, mita 5, umeme ukifika mwisho mwingine unarudi nyuma unagonga unakuja tena umechelewa, ndo hicho kivuli. Nilibonyeza kitufe cha Auto kwenye monita, kile cha kujipanga picha yenyewe, maandishi yakaacha kutetemeka, kivuli hakikuondoka.

Nyuma ya monita kuna tundu jingine la picha, DVI, lile jeupe, limekaa tu toka ninunue. PC yangu haina DVI, ina VGA na DisplayPort, tundu la picha la dijitali, linalotoa namba zenyewe. Nikarudi Kariakoo, kijana dukani kanipa kiadapta cha DVI kwenda VGA elfu tano, nikafurahi, nimefika home hakiingii. Ukikiangalia kina pini nne zimezunguka ile pini bapa, na tundu langu halina matobo manne, lina mkato wa ile pini bapa tu. Nikampigia, kaniambia "kaka we zivunje hizo nne, itaingia". Bahati nzuri sikuzivunja, maana hizo nne ndo zinazobeba rangi za analogi, yaani ule umeme wa kupanda na kushuka kama wa VGA, na ishara ya kuiambia monita mstari unaanzia wapi, na tundu lisilo na hayo matobo ni DVI-D, dijitali tupu, hata ungeiingiza kwa nyundo picha hutaiona. Hela yangu elfu tano ikaenda hivyo.

Nilichotakiwa kununua ni waya wa DisplayPort kwenda DVI. Nimechomeka, nimefungua ileile picha ya mama. Sita ni sita. Nilikaa kimya kama dakika nzima nasogeza macho kwenye maandishi madogo madogo ya Excel kama mtu aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Hapo namba zinatoka PC hadi kwenye kidoti hazijageuzwa kuwa kitu kingine njiani. Na wasikudanganye na ile HDMI ya kupakwa dhahabu ya elfu sitini kwa ajili ya mita moja na nusu, dijitali waya ukiwa mbovu utaona tu, picha inakatika au inarusha vidoti vya ajabu, haikupi kivuli cha kistaarabu cha kukulia macho kimyakimya.

VGA sijaitupa lakini. Intel na AMD, wale watengeneza chip za kompyuta, walitangaza 2010 kwamba wanaiacha taratibu mpaka 2015, sasa nenda kumbini na laptop mpya uone projekta inakuomba nini. Waya wangu wa mita 5 watu wanakuja kuuazima kila wikiendi.

Kichwa saa kumi jioni kimetulia. Mama nilimprintia upya bure, na zile kadi 100 zenye nane naandikia madeni ya wateja kwa nyuma.