Siku moja maishani mwangu: nafundisha hesabu kwa wenyeji wa asili, Winnipeg

Saa kumi na moja u nusu alfajiri. Nje ni nyuzi 31 chini ya sifuri, Januari ya kawaida hapa Manitoba, Kanada. Nachomoa waya wa umeme uliopasha injini ya gari usiku kucha, nakwangua barafu kwenye kioo, naondoka. Ugali na maharagwe ya jana viko mkobani.

Wakenya wenzangu wa hapa wakisikia kazi yangu, wengi hunijibu vilevile: "Hao si ndio serikali huwalipia kila kitu na bado hawasomi?" Naandika haya kwa ajili yao. Programu yetu huwaandaa watu wazima wa jamii za asili, yaani Wakrii, Waanishinaabe, Wadakota na Wametisi, waingie chuo. Mdogo wao ana miaka kumi na tisa, mkubwa ana wajukuu.

Na hilo la kulipiwa, sikilizeni. Ardhi tunayokanyaga hapa Winnipeg iko chini ya Mkataba wa Kwanza kati ya wenyeji na Malkia wa Uingereza, uliotiwa saini mwaka 1871 pale Lower Fort Garry, na katika mkataba huo Malkia aliahidi shule kwa kila eneo lililotengewa wenyeji ambao wangeitaka. Kwa hiyo hapa linalipwa deni. Miaka mitano baadaye, sheria ya 1876 ya kuwatawala wenyeji ikasema kwamba mmoja wao akipata shahada ya chuo kikuu, papo hapo hahesabiwi tena kuwa mwenyeji. Ukisoma, unafutwa kwenu. Kisha zikaja shule za bweni zilizochukua watoto zaidi ya 150,000, wakapigwa kwa kusema lugha za mama zao. Za mwisho zilifungwa miaka ya 1990. Mimi nilisoma shule ya msingi ambako ukiteleza ukasema lugha ya nyumbani unavishwa kibao shingoni mpaka umpate mwenzako wa kumvisha. Nilikuwa narudi nyumbani jioni, nakula kwa mama. Watoto hawa hawakurudi.

Saa mbili, jikoni. Kahawa, na baniki, mkate wa wenyeji wa hapa ulioumuliwa kwa baking powder, ungali moto. Hapo ndipo najua nani amelala vibaya na nani basi limempita kituoni akaganda.

Saa tatu tunakaa duara. Kokum, ndivyo wote wanavyomwita bibi yetu Mkrii, huwasha majani ya seji kwenye gamba la kombe, na moshi unapitishwa kwa mkono kama ubani wa chetezo kwetu pwani. Kila mtu anauvuta kichwani, machoni, mdomoni, kifuani. Asiyetaka anabaki ameketi na hakuna anayemuuliza. Kisha unyoya wa tai unazunguka, na aliyeushika ndiye anayesema. Leo kijana kutoka Island Lake, ambako hakuna barabara ya mwaka mzima ila ndege na njia ya barafu ya wiki chache, anasema mjomba wake amefariki na ataondoka Alhamisi. Kanuni za mahudhurio zinatambua msiba wa mzazi, mke au mtoto. Mjomba hayumo. Mimi mtu wa kwenda matanga sihitaji kuelezwa mjomba ni nani. Nimemwandikia ruhusa na kumfungia maswali ya wiki nzima kwenye bahasha.

Ofisi moja iliwahi kutuuliza kama muda huu wa duara usingetumika vizuri zaidi kwenye hesabu. Nilijibu kwa maandishi: wanaokuja saa tatu kwa ajili ya duara ndio walioko darasani saa nne. Nalisema tena hapa.

Saa nne, milinganyo. Saa sita, chakula.

Halafu ile simu.

Mama mmoja wa watoto watatu, anayetaka uuguzi, alinisubiri mlangoni akiwa amevaa koti. "Mwalimu, leo nimekuja kuaga." Posho yake ya kujikimu haikuingia mwezi huu, na mahali anapomwacha mtoto wamempa mpaka saa kumi na moja jioni awe amelipa. Nikamwambia avue koti, tupige simu ofisi inayotoa posho.

Tukaweka simu mezani, sauti wazi. Kwanza muziki. Kisha mtu akatuambia faili liko idara nyingine. Muziki tena. Idara nyingine wakasema wanangoja barua ya mahudhurio. Tuliituma Desemba. Wakasema haionekani. Nikaituma tena kwa barua pepe, wakasema hawapokei barua pepe, itumwe kwa faksi. Faksi, mwaka huu! Nikakimbia ghorofa ya kwanza kwenye mashine, nikarudi nikihema, nikakuta laini imekatika. Tukaanza upya: bonyeza moja, bonyeza nne, muziki uleule. Sauti mpya ikaniuliza mimi ni nani kwa yule mama. Mwalimu wake. Basi hawezi kuzungumza na mimi. Mwenyewe akazungumza, kwa upole ambao mimi sikuwa nao tena, akataja tarehe yake ya kuzaliwa kwa mara ya tatu, akasubiri.

Na alipokuwa akisubiri akavuta karatasi yangu ya mazoezi, akaanza swali la kwanza. Sikumwambia afanye. Muziki unalia, yeye anahamisha x upande wa kushoto, anabadili alama, anagawanya. Akikwama ananionyesha kwa kalamu bila kusema, nami namwonyesha bila kusema. Nilitamani kila mtu anayeuliza "mbona hawasomi" awe kwenye kile kiti changu.

Jua lilikuwa linaelekea kuchwa mtu mmoja, Mungu ambariki, alipokubali kuitafuta ile faksi, akaiona, akasema pesa zitaingia Ijumaa. Tukaomba aseme hivyo kwa maandishi ili mlezi wa mtoto akubali kungoja. Akaandika. Koti likabaki kwenye msumari.

Nilifika kwenye somo la mikono nimechelewa, kichwa kinagonga. Kokum anawafundisha blanketi la nyota, lile linalofunikwa mabegani mwa mtu wa kuheshimiwa, na kwetu hapa huwa siku ya mahafali. Nyota ina ncha nane, kila ncha imeungwa kwa vipande vidogo vya umbo la almasi. Pembe ya kila kipande inayoelekea katikati lazima iwe nyuzi 45, kwa sababu nane mara 45 ni 360. Ukikata nyembamba, kitambaa kinavutika. Ukikata pana, kitambaa kinafanya mawimbi na hakuna pasi itakayoyalaza. Kokum hatumii kipimapembe. Anakunja kitambaa cha mraba kwa ulalo wa kona, kona ya nyuzi 90 inagawanyika nusu, anakata, basi. Nilimwomba arudie pole pole, nikachora kila mkunjo ubaoni, na wale wale waliokuwa wakiniambia asubuhi kwamba pembe haziwaingii wakaanza kunisahihisha mchoro.

"Mwanangu, kaa, umechoka," Kokum akaniambia, akanipa mkasi. Nilikaa nikakata kitambaa cha njano.

Nimerudi nyumbani giza limeingia kitambo. Kusahihisha, kula ule ugali nisioupata mchana, kumpigia mama Kenya kumekucha. Kisha barua ya mapendekezo ya yule mama, maana maombi ya uuguzi yanafungwa karibuni. Nimeandika alama zake. Nimeandika pia kwamba leo ametatua milinganyo yote ya karatasi ile huku amesubiri kwenye simu mchana kutwa, na kwamba hakumpandishia mtu yeyote sauti. Ningependa kuuguzwa na mtu wa namna hiyo, nimeliandika na hilo, na naituma sasa kabla sijalala.