Mnara usio na mlango

Jana nimeshinda Great Zimbabwe, magofu ya mji wa kale wa mawe huko Zimbabwe, kilomita kama 30 hivi kutoka mji wa Masvingo. Mnara wake naujua kwa picha tangu niko shule, lakini picha hazikwambii habari ya njia ya kuufikia. Unapita kichochoro kati ya kuta mbili, chembamba, mnaenda mmojammoja, ukuta wa nje kuna sehemu unafika mita 11 na juu hakuna paa ila mbingu tu. Nilibandika kiganja kwenye mawe, ni graniti iliyopasuliwa vipande bapa, kimoja juu ya kingine, hakuna chokaa hakuna udongo, na bado vimesimama tangu karne ya 14 huko.

Mwisho wa kichochoro ndo mnara wenyewe, mita kama 10. Nikauzunguka natafuta mlango. Hamna! Umejaa mawe mpaka ndani kabisa, na enzi za ukoloni watu walichimba wakisaka hazina wasipate kitu. Wapo wataalamu wanaosema una umbo la ghala la nafaka, yaani mfalme anawaonyesha watu wake kwamba njaa hawataiona. Mimi hiyo nimeikubali.

Ila zile hadithi kwamba pamejengwa na Malkia wa Sheba hapana. Karl Mauch, mpelelezi Mjerumani, alifika 1871, akaona mbao ya mlango mmoja wa magofu akasema huu ni mwerezi wa Lebanoni, basi ikawa hadithi, mara Wafoinike mara Waarabu, ilimradi asiwe Mwafrika. Mwanaakiolojia Randall-MacIver alishasema 1905 kwamba ni kazi ya wenyeji, mwenzake Gertrude Caton-Thompson akaja kuthibitisha 1929, na bado serikali ya walowezi ikawa inabana ukweli huo mpaka karibu na uhuru wa 1980. Inaudhi sana.

Kilichonishika zaidi ni kwamba kwenye magofu haya iliokotwa sarafu ya Kilwa yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman, huyo huyo sultani wa jumba la Husuni Kubwa, ambaye msafiri Ibn Battuta alimkuta Kilwa 1331. Dhahabu ya nyanda hizi ilishuka mpaka Sofala, bandari ya pwani ya Msumbiji, na Sofala ilikuwa mkononi mwa Kilwa, kwa hiyo zile kuta zetu za matumbawe na chokaa nilizowahi kuzipiga picha pale Kilwa Kisiwani, sehemu ya fedha yake ilitoka huku juu kwenye graniti! Halafu shuleni tukafundishwa Kilwa sura yake, Zimbabwe sura yake, mtihani ukaisha kila mtu kwao.

Nikapanda na kilimani, kuta zimepenyezwa katikati ya majabali makubwa hadi hujui jiwe lipi limewekwa na lipi lilikuwepo, magoti yakalalamika njia nzima. Kijana aliyetutembeza nikamuuliza kama Watanzania wanafika, akacheka, akasema mara mojamoja. Nauli jamani, nauli ndo inatumaliza.