Vidonge nilivyomnunulia baba
Baba yangu anavuta sigara, nami kwa mapenzi nikawa namnunulia vidonge vya beta-karotini, ile rangi ya chungwa iliyomo kwenye karoti. Niliamini antioksidanti kama hiyo zikizima radikali huru mwilini, yaani molekuli zinazoharibu seli, mapafu yake yatasalimika. Kisha nikasoma utafiti wa Ufini uliochapishwa mwaka 1994: wanaume wavutaji 29,133, na waliomeza miligramu 20 za beta-karotini kila siku walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiomeza. Mikono ilinitetemeka. Nilivitupa siku hiyohiyo.

Karoti zenyewe hazina lawama. Kwenye chakula kipimo ni kidogo, tena kimeambatana na nyuzinyuzi na virutubishi vingine. Siku hizi nampikia nyanya kwa mafuta kidogo, maana likopeni, rangi nyekundu ya nyanya, hufyonzwa vizuri zaidi hivyo. Na sigara? Tunaizungumza kila jioni.