Nani Aliyepiga Redio?

Kikosi kilikuwa kinajiandaa kwenda kulinda amani nje ya nchi, nami nikaitwa niwafundishe maofisa na masajini wake namna ya kutunga vipimo vya utendaji, vya askari mmoja mmoja na vya timu. Mimi ni raia, mwanamke, na mkate wangu wa miaka yote ni tathmini. Nilijiandaa kubishiwa. Hawakunibishia hata kidogo. Jeshini mgeni wa mkuu huitikiwa "ndiyo, mwalimu", kisha kila mtu anabaki na lake moyoni.

Vigezo walivyokuja navyo vilikuwa ari ya juu, nidhamu, uongozi thabiti, ushirikiano mzuri. Sikuvipinga. Niliomba vijana wanne wambebe majeruhi wa kuigiza kwa machela kuzunguka jengo, halafu meja mmoja na sajini mmoja watoe alama za ushirikiano bila kutazamiana karatasi. Meja akatoa 5 kati ya 5. Sajini akatoa 2.

"Hawakugombana," meja akajieleza.

"Hawakusemeshana, afande," akasema sajini.

Ukumbi ulicheka, na nadhani darasa lilianza hapo. Wote wawili walikuwa wameona kweli, ila fomu haikuwaambia watazame nini.

Vipimo vya mtu mmoja havikutusumbua. Mkanda wa kubana damu umefungwa juu ya jeraha, kati yake na moyo, damu imekoma, saa ya kufunga imeandikwa. Watu wawili wakisimama hapo wataona kitu kilekile. Tukamaliza kabla ya chai.

Mchana tukaingia kwenye zoezi. Kwa majeruhi, Umoja wa Mataifa hufuata utaratibu unaoitwa 10-1-2: huduma ya kwanza ya kuokoa maisha ndani ya dakika 10, huduma ya juu zaidi ya dharura ndani ya saa 1, upasuaji wa kuokoa maisha ndani ya saa 2. Saa inaanza kuhesabu pale mtu anapoumia. Doria ikapigwa bomu la kuigiza. Msaidizi wa tiba akafunga mkanda vizuri sana. Kamanda akapanga ulinzi pande zote. Mpiga redio akawasha redio, akapata mawasiliano, akasubiri. Karatasi za kila mmoja zilijaa tiki. Ombi la helikopta halikutoka. Msaidizi alijua kamanda amemsikia, kamanda alijua redio imeshatuma, na mwamuzi akatangaza kwamba majeruhi amefariki. Koplo aliyekuwa amelala kwenye machela akainuka amekasirika kikwelikweli: "Yaani nimekufa, na wote mmefaulu?"

Ndipo nikawasimulia kuhusu manowari ya Marekani, USS Vincennes. Tarehe 3 Julai 1988, kwenye Ghuba ya Uajemi, iliitungua ndege ya abiria ya Iran Air iliyotoka Bandar Abbas kwenda Dubai. Watu 290 walikufa. Kumbukumbu za mitambo ya meli zilionyesha ndege ile inapanda. Ndani ya chumba cha mapambano taarifa zilizotolewa zilisema inashuka. Wale walikuwa mabaharia waliofunzwa, si wanagenzi. Baadaye jeshi lao la majini likafadhili utafiti mkubwa kuhusu timu zinazoamua mambo chini ya shinikizo, na kwenye utafiti huo watu wakaanza kupima yanayopita kati ya mtu na mtu: taarifa imetolewa kabla ya kuulizwa? Imerudiwa na aliyeipokea? Kosa la mwenzako umelisahihisha papo hapo?

Sajini yule wa alama 2 akaomba kalamu. Akaandika: "Mpiga redio amerudia kwa sauti maneno ya kamanda kabla ya kutuma. Ndiyo au hapana." Kisha: "Muda kutoka mkanda kufungwa hadi ombi kutoka." Katika kazi hii nimesoma vipimo vilivyotungwa na watu wenye shahada tatu ambavyo havifiki hapo.

Luteni kanali aliyekuwa nyuma hakuridhika. Askari, alisema, watakariri kurudia maneno ili wapate tiki, hata kama hawajaelewa. Ana haki: kipimo kikishajulikana, watu hukifukuzia chenyewe. Tukakubaliana kwamba kila zoezi mwamuzi abadilishe jambo moja bila taarifa, mara amuue kamanda, mara aizime redio.

Pakabaki safu ya majina. Yeye aliitaka kwenye fomu ya timu, ajue nani kaharibu. Nikamuuliza nani angesahihisha kosa la mwenzake kwa sauti, akijua sauti hiyo itamnyima mwenzake cheo. Hakujibu haraka. Aliwatazama masajini wake, na masajini wakatazama meza. Mwishowe akaichukua fomu, akaikata safu ile kwa wino mwekundu, akasema majina yabaki kwenye fomu ya mtu mmoja mmoja, na kesho asubuhi zoezi lirudiwe saa 12 kamili.