Nilivyoamua kuhusu daraja la gita langu la solo

Mpiga gita ukishindwa kushika tyuni mbele za watu, washauri hawakosekani. Mimi ushauri niliopewa ulikuwa mmoja kutoka kila upande: badilisha daraja, yaani kile chuma cha kwenye mwili wa gita kinachoshika nyuzi. Mpiga besi wetu alisema hivyo, mwalimu wa kwaya ambaye hata gita hapigi naye akasema hivyo, na muuza vyombo wa Kariakoo niliyempigia simu alinijibu kabla sijamaliza swali. Huyo wa mwisho namwelewa, ana mzigo wa kutoa.

Gita lenyewe ni la umeme, la umbo la Stratocaster ya kampuni ya Fender ya Marekani, ila limetoka kiwanda cha Asia, na nililichukua mtumba kwa jamaa wa mtaa wa Soweto hapa Mbeya aliyekuwa anahama mji. Shingo imenyooka, pikapu, vile vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi, zina sauti safi, na kwenye sebene linaitika vizuri. Shida yake ilikuwa tyuni, na ukweli ni kwamba shida hiyo ilikuwa na sura zaidi ya moja. Nisingezitenganisha, ningeishia kununua chuma.

Sura ya kwanza ni baridi yetu. Mbeya iko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na ibada ya kwanza ya mwezi wa saba wanakwaya wanaimba na makoti ndani ya joho. Unatyuni gita nyumbani sebuleni, ukifika kanisani nyuzi zimepanda, maana chuma kikipoa kinasinyaa na uzi unajikaza. Ukishapiga wimbo mmoja au miwili, vidole vimezipasha joto, zinashuka tena. Hapo hata ukiweka daraja la dhahabu hakibadiliki kitu. Dawa ni kuwahi, kulitoa gita kwenye mfuko, kuliacha lizoee ubaridi wa ukumbi, halafu ndipo utyuni.

Sura ya pili ndiyo iliyonifanya nifungue pochi. Tulikuwa kwenye sendofu Uyole, bibi harusi mtarajiwa anaingia, sebene limekolea, uzi wa kwanza ukakatika. Uzi kukatika si ajabu. Kilichoniumiza ni kwamba nyuzi tano zilizobaki zilipanda zote papo hapo. Nikawa siwezi hata kupiga kodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja, ya kujificha. Kinanda kikabeba wimbo, mimi nikasimama na gita shingoni natabasamu, huku MC anasema "magita, magita!" kwenye maiki.

Nilipofika nyumbani nililigeuza na kufungua kile kifuniko cha plastiki cha nyuma. Daraja la aina hii, ambalo Fender walilitoa pamoja na Stratocaster mwaka 1954, halikugandamizwa kwenye ubao. Limeegemea skrubu sita kwa mbele, na nyuma springi zinalivuta. Nyuzi zinavuta huku, springi zinavuta kule, daraja linaelea katikati yao. Uzi mmoja ukiondoka, springi zinashinda, daraja linalala nyuma, na nyuzi zilizobaki zinakazwa bila kuombwa. Ukiuvuta uzi pembeni kwa kidole unapata kinyume chake: mvutano umeongezeka upande wa nyuzi, daraja linainuka kidogo, zile nyingine zinashuka.

Sasa tazama. Hiyo si kasoro ya daraja la bei rahisi, ndiyo kazi yake. Hata daraja la Kijapani la bei mbaya, ukiliacha linaelea, uzi ukikatika litafanya vilevile. Linaelea ili ule mkono wa kutetemesha sauti, kile kifimbo cha chuma kinachochomekwa kwenye daraja, uweze kushusha na kupandisha. Kwa hiyo kabla ya kuuliza daraja gani ninunue, ilibidi nijiulize kama huo mkono nautumia. Mimi napiga sebene na mapambio. Mkono wa gita langu ulikuwa kwenye droo, pamoja na chaja za simu zilizokufa.

Kwa hiyo nililaza daraja. Ndani kulikuwa na springi tatu, nikaongeza mbili nilizopewa na mpiga rithimu. Kisha nikashika bisibisi ya nyota na kukaza zile skrubu mbili ndefu zinazoshika kibati cha springi, robo mzunguko huku, robo mzunguko kule, natyuni, nakaza tena. Usikaze yote kwa mkupuo, maana kila ukikaza nyuzi nazo zinapanda, utazikata. Unajua umefika pale karatasi ya daftari inapokataa kupita chini ya ukingo wa nyuma wa daraja. Nikalegeza uzi wa kwanza mpaka ukaning'inia, nikapiga zile tano nyingine nikitazama tyuna ya kwenye simu. Mshale ulibaki katikati kwenye zote. Shilingi sikuwa nimetumia hata moja.

Unachopoteza kwa kulaza ni kupandisha sauti kwa mkono. Kushusha bado unaweza, ila kwa nguvu zaidi. Kwangu hiyo si hasara.

Ikabaki swali la kwa nini uzi unakatika, tena daima ule wa kwanza na daima mahali pamoja, pale unapolalia daraja. Nikachukua pamba nikaipitisha juu ya vile vikalio sita vya nyuzi. Kwenye vitano ilipita laini, kwenye cha kwanza ikanasa, na nyuzinyuzi zikabaki zimeshikwa na kijino kidogo cha chuma. Nilikisugua kwa msasa laini sana uliokunjwa, nikamalizia na dawa ya kung'arisha chuma, Brasso, lakini uzi ulikuwa umeshachimba mfereji. Zaidi ya hapo, viskrubu vya kupandisha na kushusha vikalio vilikuwa vimekula kutu ya jasho, na viwili vilikataa kabisa kuzunguka kwa kiufunguo chao cha umbo la L. Hapo nilikubali kwamba kuna kitu cha kununua.

Ila kitu gani? Daraja zima zuri lingekaribia nusu ya bei niliyonunulia gita. Watu wanalisifia kwa mambo mawili: halikwanguki mapema, na ile bloku ya chini, kipande kizito kinachozama ndani ya ubao na kushikwa na springi, ni ya chuma badala ya zinki, kwa hiyo sauti inakaa zaidi. Ukitaka kujua yako ni ipi, hakuna haja ya fundi. Chukua sumaku, hata ya spika ya redio iliyokufa, iguse bloku kwa nyuma. Chuma kitaing'ang'ania. Yangu iliteleza na kuanguka, zinki tupu.

Nimepiga gita la rafiki lenye bloku ya chuma, na kwa sikio langu, sebuleni, bila amplifaya, noti inakaa kidogo zaidi. Sitabisha. Lakini sebene ni noti fupi zinazokimbizana. Noti ikikaa sana ni mimi mwenyewe naibana na kiganja. Na ukiwa kati ya kinanda, ngoma na sauti ya tatu yenye wazee wanane, hiyo tofauti aisikie nani?

Kulikuwa na jambo jingine ambalo wauzaji wengi hawakuulizi. Nafasi za skrubu hazifanani. Nilipima kwa rula kutoka katikati ya skrubu ya kwanza mpaka katikati ya skrubu ya sita, nikapata milimita 52.5. Madaraja yanayofuata vipimo vya zamani vya Marekani yana milimita 56. Mengine ya kisasa yanakaa kwenye nguzo mbili tu. Ukinunua lisilo lako, itabidi uzibe matundu kwa vijiti na gundi kisha utoboe upya, na toboo likienda kombo nyuzi zinakuwa pembeni mwa shingo maisha yote. Halafu kuna kina cha bloku. Magita mengi ya bei rahisi yana ubao mwembamba, na bloku ndefu inatokeza kwa nyuma, kifuniko hakifungi.

Nilichoagiza kwa hiyo ni vikalio sita vya chuma pekee, vyenye upana wa milimita 10.5 kila kimoja, pamoja na viskrubu vyake. Vilikuja na basi kutoka Dar ndani ya bahasha. Kuvifunga ni kazi ya jioni moja, na kinachokula muda ni oktavu, yaani kuhakikisha uzi unabaki kwenye tyuni hata ukibonyezwa katikati ya shingo: unapiga uzi kwa kuugusa tu juu ya freti ya 12, halafu unaubonyeza palepale na kupiga tena. Uliobonyezwa ukiwa juu, rudisha kikalio nyuma, mbali na shingo. Ukiwa chini, sogeza mbele. Tyuni upya kila ukisogeza, na ufanye hivyo na nyuzi mpya, za zamani zinadanganya.

Sehemu kubwa ya ile shida ya tyuni, lakini, ilikuwa upande wa pili kabisa wa gita. Kila nilipozungusha funguo za kichwani nilisikia "ting" ndogo. Huo ni uzi umekwama kwenye nati ya shingo, kile kipande cheupe chenye mikato sita, halafu unachomoka ghafla. Kuna jaribio rahisi: vuta uzi kama unavyofanya kwenye solo, uachie, tazama tyuna. Ukiwa umeshuka, ubonyeze nyuma ya nati, kati yake na funguo. Ukirudi mahali pake, usilaumu daraja. Kwa muda nilipaka risasi ya penseli kwenye mikato, na inasaidia kweli. Ila plastiki yenyewe ilikuwa laini, ikabidi itoke.

Nati mpya ni mfupa. Nilinunua muundi wa ng'ombe buchani Mwanjelwa, tukala supu, mfupa nikauchemsha tena mpaka mafuta yakaisha, nikauanika ukakauka. Nikampelekea mzee mmoja seremala ambaye hajawahi kushika gita ila ana tupa nzuri kuliko mtu yeyote ninayemfahamu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Huo mfupa umeleta wa nini, na mbwa sina?"

Nilimwachia nati ya zamani kama kipimo. Alikata kwa msumeno wa chuma kipande cha unene wa milimita tatu na kidogo, akakisugua kwa msasa juu ya kioo ili kikae sawa. Vumbi la mfupa linanuka kama nywele zilizoungua, na si la kuvuta puani, funga kitambaa. Mikato tuliimalizia wote, kwa tupa nyembamba na kwa vipande vya nyuzi zangu za zamani vilivyozungushiwa msasa, kila mkato na unene wa uzi wake. Kazi ya uvumilivu. Alipoona unang'aa akasema "ndaga fijo", asante sana kwa Kinyakyusa, kwa mfupa wenyewe, si kwangu.

"Ting" imekwisha.

Rafiki yangu wa Tunduma nilimshauri kinyume cha nilivyofanya. Yeye anapenda roki ya Zambia ya miaka ya 1970, mkono wa gita hautoki kiganjani, na kingo za daraja lake pale linapoegemea skrubu za mbele zimelika mpaka zina mabonde. Daraja la hivyo likishuka halirudi palepale, na hakuna msasa wala mfupa utakaolisaidia. Tulipima pamoja tukapata 56, ubao wake ni mnene, na alikuwa na pesa. Lake limeshaagizwa, na nimemwambia asithubutu kuligusa mpaka nifike na bisibisi zangu.